Madoa, Michirizi, Mistari

Kwa susu, mama mzaa baba, kigong'ota alikuwa mmoja tu: ngomakomi. Hakuwa na haja ya kumwona. Akimsikia alfajiri kabla ya kushika njia ya Kangundo, alitua mzigo kwanza, akatega sikio sauti inatoka upande gani, ndipo aamue kama safari ni ya heri. Rangi ya kifua haikumhusu. Nami nikakua hivyo: anayegonga mti kwetu Tala ni ngomakomi, basi.

Shamba letu lilikuwa la kahawa, kama mengi ya Matungulu, na juu ya mibuni vilisimama vithulu, miti mikubwa, na migunga upande wa bondeni. Tawi likikauka liliachwa hadi lianguke lenyewe. Aliyetamba pale alikuwa kigong'ota mmoja mkubwa, uso mweupe wenye baka jeusi nyuma ya jicho na jingine mithili ya masharubu. Ugongaji wake wa gogo ulianza kwa kasi, kisha ukalegea mwishoni, pigo mojamoja, na ulivuka bonde zima.

Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya mgao wa kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na miaka iliyofuata majirani waling'oa mibuni, sisi pia. Vithulu vikaenda kuwa mkaa. Ikapandwa migrivea, mti mzuri wa mbao, sina ugomvi nao, ila hukatwa ungali kijana. Mti wa umri huo hauna tawi bovu, na pasipo tawi bovu yule mkubwa hana pa kutoboa. Siku hizi simsikii kwetu.

Jina lake nililipata baadaye, nilipokuwa nafanya kazi Nairobi. Pale Makumbusho kuna matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971. Mgeni huazimwa darubini na hakuna anayemcheka. Huko nilifundishwa nisihangaike na wekundu wa kichwa, maana huo hutenganisha dume na jike zaidi kuliko aina na aina. Tazama kifua. Yule mkubwa wa kwetu, kigong'ota mwenye ndevu, ana mistari myembamba iliyokatiza. Kigong'ota wa Nubia ana madoa ya mviringo. Kadinali, mdogo kuliko wote, ana michirizi inayoshuka. Nilinunua kitabu cha Zimmerman, Turner na Pearson, kile cha 1996, na kurasa za vigong'ota ndizo zilizochakaa kwanza.

Niliporudi Tala nikamkuta kadinali kwenye mahindi. Kumbe mabua yanamtosha! Hushika bua kavu, hugonga taratibu, akatoa funza aliyejificha ndani. Jirani alimtupia mawe akidhani anakula mazao, mpaka nilipompasulia bua akaona mwenyewe. Ndege huyu hakupoteza chochote miti ilipokwisha. Nadhani hata alifaidi.

Wa Nubia ni habari nyingine. Chakula chake ni mchwa na sisimizi, na hao Ukambani hawajapungua. Dume na jike huitikiana kwa mlio mkali wa kama chuma, unaopanda na kuongeza kasi, hata mbwa huinua kichwa. Dume ana mstari mwekundu shavuni. Wa jike ni mweusi wenye vidoa vyeupe. Hao wawili wameufanya uwanja wetu kuwa wao.

Sasa binti yangu hafungui kitabu. Huelekeza simu mtini, programu ikamtajia jina kutokana na sauti, kisha akaliingiza kwenye Ramani ya Ndege Kenya, mradi ulioanza mwaka 2013, ambao umeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kila upande. Mraba wetu una wa Nubia na kadinali. Nimemwambia asimwandike mwenye ndevu kwa kumbukumbu zangu. Ramani inataka aliyeonekana leo.

Kithulu kimoja kilichokufa bado kimesimama nyuma ya choo, kimetobolewa tundu mbili. Fundi wa msumeno amekiulizia tena juzi, anataka kuchoma mkaa. Nimempa mgrivea wa mpakani badala yake, na ameondoka akilalamika kwamba mkaa wake huisha upesi.