Kusafiri Bila Mwenzi

Wako wasemao kwamba kusafiri peke yako ni hatari tupu. Sisi tuandikao habari hizi twaipenda safari ya namna hiyo, lakini tulifundishwa kwa hofu.

Mwaka mmoja, wakati wa masika, tulitoka Tukuyu bila mwenzi kwenda kulitazama Ziwa Ngozi, lililo juu mlimani katika shimo la volkano. Hatukuaga. Tulipofika mwituni ukungu ulishuka, njia isionekane. Tukaketi chini ya mti, tukawaza: Nyumbani watatutafuta wapi, nao hawajui tulikokwenda? Ukungu ulipopungua tulirudi kwa njia ile ile, ziwa hatukuliona.

Mara ya pili tulikwenda kiangazi. Tuliaga, tukataja saa ya kurudi, tukaondoka alfajiri, tukamsalimu kila tuliyemkuta. Mzee mmoja migombani alituonyesha njia, akatupa ndizi za kuchoma, tukamwambia, “Ndaga.” Huko juu tuliyatazama maji ya kijani kibichi yaliyozungukwa na magenge, wala hakuwapo wa kutuharakisha.

Basi, aendaye peke yake asiende kwa siri. Kuuliza si ujinga, na kuaga si woga.