Zimwi Dogo

Mtu huona haya kwa mambo mengi. Yuko aonaye haya kwa nguo iliyochakaa, na yuko aonaye haya kwa ndugu maskini ajapo mbele ya wageni. Mimi, kwa muda wa mwaka mzima, niliona haya kwa furaha. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili na fasihi yake katika chuo kikuu. Hulipwa mshahara ili niwaonyeshe vijana tofauti ya punje na kapi. Mpepetaji akifumaniwa pembeni anatafuna makapi kwa raha, hana budi kujieleza. Insha hii ndiyo maelezo yangu.

Kapi ninalolisema ni sinema ya Kijapani ya mwaka 1969, iliyotengenezwa na kampuni ya Toho na kuongozwa na Ishiro Honda. Marekani ilionyeshwa mwaka 1971 kwa jina la Godzilla's Revenge. Ni ya kumi katika mfululizo wa sinema za Godzilla, zimwi ambalo jina lake la asili, Gojira, limeungwa kwa maneno mawili ya Kijapani, la gorila na la nyangumi. Wapenzi wa sinema hizo ni watu wenye kusamehe mengi. Lakini hii wengi wao wameinyima msamaha, na mara nyingi hutajwa kuwa ndiyo mbaya kuliko zote.

Habari yake ni fupi; haizidi saa moja na dakika chache. Mtoto aitwaye Ichiro anakaa Kawasaki, mji wa viwanda na moshi. Baba yake ni mfanyakazi wa reli, mama yake naye yuko kazini, na nyumba anayoirudia kutoka shuleni ni tupu. Njiani humngoja watoto wakorofi, ambao mkubwa wao amepewa jina la Gabara. Jirani mmoja, mzee Shinpei, mbunifu wa vitu vya watoto vya kuchezea, humtupia jicho. Ichiro hulala, na katika ndoto husafiri mpaka kisiwa cha mazimwi. Huko hukutana na Minilla, mwana wa Godzilla, ambaye husema kama mtu, naye pia huonewa na zimwi liitwalo Gabara. Kisha wanazuka wezi wawili walioiba yen milioni 50. Wanamteka mtoto, naye anajiokoa kwa ushujaa aliojifunza ndotoni.

Mashtaka juu ya sinema hii ni mazito, na sitayakana. Kwanza, Godzilla hayumo katika dunia ya Ichiro. Yumo katika usingizi wake tu. Pili, mapigano mengi ya mazimwi hayakutengenezwa upya, bali yalikatwa kutoka sinema za miaka iliyotangulia, hasa ile ya 1966 na ile ya 1967, yakashonwa humu kama viraka. Hata mwenye macho makali huona sura ya Godzilla ikibadilika toka pigano hata pigano. Tatu, Minilla ana uso kama donge la unga lililosahauliwa kukandwa. Mwanafunzi wangu akiniletea insha iliyoungwaungwa kwa vipande vya insha zake za zamani, nitamrudishia bila ya kuisoma mara ya pili.

Jinsi nilivyoiona ni hivi. Mwaka jana binti yangu alikuwa na miaka 9. Msichana aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani alirudi kwao kuolewa, nasi tukasema tutatafuta mwingine. Wiki zikawa miezi. Mama yake ni muuguzi, na zamu za hospitali hazimwulizi mtu kama ana mtoto au hana; mimi nilikuwa na vipindi vya jioni, mikutano ya kamati, na tasnifu za watu za kusoma. Basi tulimvika mtoto ufunguo shingoni kwa utepe, tukamwomba bibi wa nyumba ya pili amwangalie. Tulimsifu kwa utu uzima wake. Kusifu ni kwepesi kuliko kurudi nyumbani mapema.

Jioni moja niliingia saa moja na nusu usiku.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mama. Umekula?”

“Nimekula kwa bibi. Njoo uone zimwi dogo.”

Alikuwa mbele ya kompyuta, akiitazama sinema hiyo kwa mara ya tatu. Niliketi karibu naye na mafungu ya karatasi za mitihani magotini, nikidhani nitasahihisha huku natazama. Sikusahihisha hata moja. Minilla anajaribu kutema moto kama baba yake. Kinywani mwake kinatoka kiduara cha moshi, kama cha mvuta kiko. Godzilla anamkanyaga mkia, na mara moto wa kweli unamtoka. Binti yangu alianguka kwa kicheko, nami nikaanguka naye, na karatasi za mitihani zikaanguka pamoja nasi.

Lakini mwalimu haachi ualimu wake mlangoni. Nilipopata pumzi nilimwambia, “Unaona, mama, mapigano haya wameyakata katika sinema zao za zamani. Wamefanya uvivu.”

Alinitazama kama mtu amtazamaye mgeni aliyepotea njia. “Baba, si anaota? Mimi nikiota, naota vitu nilivyokwisha kuviona.”

Nilinyamaza. Watu wazima walikuwa wameihukumu sinema hii kwa miaka zaidi ya 50, na mimi na shahada zangu nilikuwa tayari kutia sahihi chini ya hukumu yao. Mtoto aliifungua kesi upya kwa sentensi mbili. Mtoto mpweke hana hazina ya kutengenezea ndoto mpya. Huota kwa mabaki. Ichiro anayapenda mazimwi, nayo ameyaona wapi kama si katika sinema? Basi usingizini huyarudia yale yale, kwa sura zisizolingana, kama ndoto zilivyo. Sidai kwamba kampuni ilikata viraka kwa hekima hiyo. Yaelekea ilivikata kwa kupunguza gharama. Lakini nguo iliyoshonwa kwa umaskini yaweza kumkaa maskini sawasawa kuliko joho la kuazimwa.

Wajapani wana neno kwa watoto wa namna ya Ichiro: kagikko, yaani watoto wa ufunguo. Nilijifunza neno hilo baadaye, katika kusoma. Lakini jioni ile maana yake ilikuwa imeketi ubavuni pangu, na utepe wake shingoni. Sinema ya kwanza ya Godzilla, ambayo Honda huyo huyo aliiongoza mwaka 1954, ilitoka mwaka ule ule ambao wavuvi wa Kijapani waliangukiwa na majivu ya bomu la haidrojeni lililojaribiwa na Marekani huko Bikini. Zimwi lile lilikuwa hofu ya taifa zima, nalo lastahili heshima lililopewa na wataalamu. Miaka 15 baadaye mtu yule yule aliligeuza kuwa hofu, na faraja, ya nyumba moja yenye mlango uliofungwa. Wengi walisema ameshuka. Mimi naona alibadili swali. Mwanzo aliuliza, nani atatuokoa na bomu? Sasa aliuliza, nani yuko na mtoto saa kumi za jioni? Swali la pili ni dogo, lakini la kwanza sikuwa na uwezo wa kulijibu, na la pili nilikuwa nao.

Wazee wetu walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nilizoea kuichukua methali hiyo kuwa ni shauri la kuvumilia ubaya uliozoeleka. Sasa naiona pia kwa jicho la Ichiro: ajuaye jina la zimwi, na nyumba yake, na mwanawe, hayuko peke yake kabisa.

Nisikilize vyema, msomaji: sisemi kwamba kila kibaya ni kizuri kwa siri. Nikisema hivyo nitakuwa mwongo na kazi yangu itakuwa bure. Hata mwisho wa sinema hii wanikera. Ichiro anampiga mkorofi wake, kisha anamfanyia ukorofi fundi wa rangi aliye juu ya ngazi, hata mtu wa watu anaanguka na rangi yake, na wale waliokuwa wakimwonea wanampokea kuwa mwenzao. Baba yake ndiye anayebaki kuomba radhi. Huo si ushujaa. Ni kuhama kutoka kundi la waonewao kwenda kundi la waonevu. Nilimwambia binti yangu hivyo, akakubali, akataka tuirudie tena toka mwanzo.

Ninalosema ni moja. Hukumu na furaha ni mizani mbili, na si lazima zipime kitu kimoja. Kwa mizani ya kwanza sinema hii ni nyepesi, na itabaki nyepesi. Kwa ya pili ilinionyesha uzito niliokuwa nikiupita kila siku mlangoni kwangu bila ya kuuona. Nilimwomba mkuu wa idara anihamishie vipindi viwili vya jioni viwe vya asubuhi. Alikubali kwa manung'uniko. Siku mbili za juma sasa humtangulia binti yangu nyumbani, nikamfungulia mlango mwenyewe. Siku tatu zilizobaki ufunguo bado unafanya kazi, nami sijivuni kwa hesabu hiyo.

Mwenzangu mmoja aliniuliza juzi ni kazi gani ya sanaa iliyonigusa zaidi mwaka uliopita. Nilifungua kinywa nimtajie riwaya yenye sifa. Kisha nikaiacha haya ikapita, nikamwambia habari ya zimwi dogo litemalo viduara vya moshi.