Kisu cha kukunja kutoka Kamukunji

Leo naomba tuziache kidogo habari za programu na seva. Nataka kuwasimulia jinsi nilivyochagua kisu.

Nianze na tamaa. Kwa miaka mingi nilitamani kisu cha kukunja kiitwacho Sebenza, kutoka karakana iliyoanzishwa na Chris Reeve. Bwana huyu alianza kutengeneza visu kama kazi yake ya kudumu Durban, Afrika Kusini, mwaka 1984, akahamia Marekani mwaka 1989. Sebenza ni neno la Kizulu, maana yake kufanya kazi. Mpini ni wa titani, na ukikifungua, kipande cha mpini huo huo huingia nyuma ya bapa na kulizuia lisijifunge. Sehemu ni chache, na kila moja ina kazi yake. Sisi waandika programu tukiona kitu cha namna hiyo tunadondokwa na mate! Bei yake sasa inazidi dola 400, yaani zaidi ya shilingi 50,000 za Kenya, kabla ya usafirishaji na ushuru. Akiba nilikuwa nayo.

Kosa langu lilikuwa kumwonyesha mama picha yake. Mama amekaa Makadara tangu kabla sijazaliwa, na amewahi kuhudhuria mazishi ya kijana wa jirani aliyedungwa kisu kwa sababu ya simu. Akaitazama picha, akaniuliza: "Mwanangu, usiku askari akikipata mfukoni mwako, utamwambia ni cha nini?" Sikuwa na jibu.

Jumamosi iliyofuata nikapanda matatu hadi Kamukunji. Mkifika pale mtasikia nyundo kabla hamjaona kitu. Hapo ndipo yanapotengenezwa masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, majiko, sufuria na toroli. Rais Moi aliwatembelea mafundi hao mwaka 1985, wakati wakifanya kazi juani, na baadaye wakajengewa mabanda. Jina la jua kali limebaki hata kwa walio kivulini.

Nilimkuta mzee mmoja anayefua visu vya bucha kutokana na springi kuukuu za gari. Nikamchorea kisu changu, kizuio na vyote. Wiki moja baadaye kilikuwa tayari. Nikakifungua, nikalisukuma bapa kwa nyuma, kizuio kikateleza. Kidogo nikose kidole. Mzee hakuona haya. Alicheka, kisha akaniuliza lile lile la mama, ila kwa njia yake: "Kijana, wewe unakata nini?"

Nikamtajia: maganda ya waya, maboksi ya vifaa vya tarakilishi, machungwa, mara moja moja sukuma wiki.

"Sasa kizuio cha nini? Anayehitaji kizuio ni mtu wa kudunga."

Ndugu zangu, pale nilijiona kama yule mteja anayeniletea orodha ya mambo 40 anayotaka kwenye programu, na hajui hata moja litamsaidia nini.

Akanitengenezea kingine cha mtindo wa kale: springi nyembamba mgongoni inalikaza bapa likiwa wazi, na ukilisukuma kwa nguvu linajifunga. Ukikata, unalikandamiza upande wa makali, kwa hiyo linabaki wazi. Ukidunga kitu kigumu, vidole vyako ndivyo vitakavyolipa. Hiyo si kasoro, ndiyo kazi yake.

Safari hii nilikaa na kutazama. Alilichoma bapa makaani hadi sumaku ikaacha kulishika, akalitumbukiza kwenye oili chafu. Hapo chuma huwa kigumu, lakini kikidondoka chaweza kuvunjika. Kwa hiyo alilisugua likang'aa, akalipasha tena polepole hadi likawa na rangi ya majani makavu. Kisha akapitisha tupa kwenye makali: ikateleza, haikung'ata. Hilo ndilo jaribio lake. Mpini ni wa mfupa wa ng'ombe, nilioununua kwa wauza nyama wa Burma, Shauri Moyo.

Nililipa shilingi 2,500 kwa vyote viwili. Sitawadanganya kwamba kinalingana na Sebenza. Bapa limekaa upande kidogo, na lisipopakwa mafuta linashika kutu. Riveti ikilegea, hata hivyo, napanda matatu, mzee anaigonga mara mbili tukipiga gumzo, nami narudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Jioni ile nilimpa mama akakifungua na kukifunga. Akakitumia kumenya chungwa, akakifuta kwenye leso, akanirudishia bila kusema neno. Kwa wanaomjua mama yangu, hicho ni cheti.

Haya, tuonane wiki ijayo. Tutarudi kwenye seva.