Mgeni Penye Chemchemi: Kakuma, Lodwar na Kiti cha Mwanafunzi

Chuo kikuu chenye historia husomwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mwanafunzi aliyesajiliwa, ambaye huvisoma vitabu vilivyomo maktabani. Wa pili ni mgeni apitaye, ambaye, kwa kuwa hana idhini ya kuazima kitabu, hukisoma chuo chenyewe: majengo, vijia, mbao za matangazo na nyuso za wanaoingia na kutoka madarasani. Mgeni huyo akianza kujiona kuwa naye yumo, ana chumba, ana kiti na ana mwalimu anayelijua jina lake, huambiwa kuwa anaota ndoto za Alinacha. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kujidhania kuwa mwanafunzi ni tendo la ubunifu, na aghalabu hufichua swali ambalo aliyesajiliwa hana haja ya kuliuliza: kiti hiki kiliwekwa kwa ajili ya nani?

Kisa cha mwalimu mmoja wa Kakuma kinaweza kulifafanua suala hili. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 katika nyika za Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ilipowapokea maelfu ya watoto na vijana waliokimbia vita nchini Sudan. Mwalimu huyu alifika huko akiwa amebebwa mgongoni, wala hakumbuki makazi mengine. Kiswahili alijifunza kwa njia mbili: kwanza katika vitabu vya shule vya Kenya, pili kwa majirani waliotoka mashariki mwa Kongo, ambao matamshi na misamiati yao ilimfunza mapema kwamba lugha moja inaweza kuwa na nyumba nyingi. Alipohitimu shule ya upili alibaki kambini akilifundisha somo hilo hilo katika shule ya msingi, kwa posho ndogo apewayo mwalimu mkimbizi. Mwaka 2018 aliitwa Nairobi kwa mahojiano ya ufadhili wa masomo. Hakuweza kuondoka kambini bila kibali cha kusafiri, na kibali chake kilionyesha siku ya kuanza na siku ya kwisha. Mwisho wa safari ulijulikana kabla safari haijaanza.

Basi lake lilipumzika Lodwar, mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 120 kutoka Kakuma. Mji huu haukosi nafasi katika historia ya elimu ya juu, ingawa nafasi hiyo haitajwi sana. Jomo Kenyatta, baada ya kumaliza kifungo chake huko Lokitaung mwaka 1959, aliwekwa kizuizini Lodwar hadi mwaka 1961. Huyu alikuwa mtu aliyesomea anthropolojia mjini London, katika London School of Economics, na kuchapisha kitabu chake Facing Mount Kenya mwaka 1938. Lakini hapo Lodwar hakuwa na uhuru wa kuupa mgongo mto Turkwel bila idhini ya serikali. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoasisiwa kwa jina hilo, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza. Kati ya kizuizi cha Lodwar na joho la mkuu wa chuo ilipita miaka tisa tu.

Mwalimu alilifanya hesabu hilo akiwa dirishani mwa basi, na hesabu likampa moyo. Hata hivyo, ulinganisho huo una mpaka wake. Kenyatta alipozuiliwa, palikuwa na umma mzima uliokuwa ukidai aachiliwe. Mkimbizi mwenye kibali hana umma wa kumdai. Akichelewa kurudi, atakayeulizwa ni yeye peke yake.

Chuo alichokwenda kukiona mwalimu huyo siku moja kabla ya mahojiano yake kilianza kama Royal Technical College, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, na tangu mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki hadi chuo hicho kilipogawanyika mwaka 1970. Katika uwanja wake pana chemchemi iliyojengwa, iitwayo Chemchemi ya Maarifa. Mtu wa Kakuma hawezi kuitazama chemchemi ya namna hiyo kwa jicho la mtu wa Nairobi. Kwao mto Tarach hukauka sehemu kubwa ya mwaka, na anayetaka maji huchimba mchangani kwa mikono na kungoja shimo lijae polepole. Maji yapo, lakini yako chini, na humnywesha aliyekubali kupiga magoti.

Akiwa ameketi karibu na chemchemi hiyo, mwalimu alianza kuishi mwaka mzima wa masomo kwa saa moja. Alijipa kitanda katika bweni na mwenzake wa chumbani apendaye kusoma usiku taa ikiwaka. Alipanga foleni ya chakula akiwa ameshika nakala ya Song of Lawino ya Okot p'Bitek iliyokwisha kuchakaa. Alibishana semina nzima, akashindwa hoja, akarudi wiki iliyofuata na hoja iliyo bora. Katika mawazo hayo yote hakujipa shahada. Alichotamani hasa ni ile wiki ya pili: kuwa na mahali pa kurudi baada ya kushindwa. Aendaye kwa kibali cha siku tano hana wiki ya pili.

Mwanafunzi mmoja wa kike aliketi kando yake, akafungua daftari, kisha akamwuliza, “Uko mwaka wa ngapi?”

“Bado,” mwalimu alijibu.

“Basi karibu,” binti alisema, akaendelea kuandika.

Neno “bado” linastahili kuangaliwa kwa makini. Kiswahili kina namna ya kukanusha inayoufunga mlango na namna nyingine inayouacha wazi. Asemaye “mimi si mwanafunzi” ameeleza hali yake na kumaliza. Asemaye “sijawa mwanafunzi” ameeleza hali hiyo hiyo, lakini ndani ya kiambishi -ja- amehifadhi matarajio. “Bado” ni ufupisho wa matarajio hayo. Mwalimu hakudanganya, wala hakujikana. Lugha aliyoifundisha kwa miaka mingi ilimpa mahali pa kuketi ambapo sajili ya chuo haikuwa imempa.

Hapo ndipo fikira zake zilipomrudisha nyuma hadi tarehe 24 Oktoba 1968. Siku hiyo Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao maarufu wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo hicho ifutwe, na mahali pake pawekwe idara itakayoanza na fasihi ya Kenya na Afrika Mashariki, ipanuke hadi Afrika nzima, kisha ndipo iufikie ulimwengu mwingine. Fasihi simulizi ilipewa nafasi kubwa katika pendekezo hilo. Mwalimu alijiona ameketi nyuma ya chumba, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa 1968, akiinua mkono. Swali lake lilikuwa hili: kama masomo yaanzie “hapa”, je, hapa ni wapi kwa mtu ambaye hapa pake pameandikwa katika kibali?

Swali hilo haliupingi waraka. Linausoma kwa uaminifu. Waandishi wake waliihamisha kati kutoka London hadi Nairobi, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini kati iliyohamishwa mara moja yaweza kuhamishwa tena. Kwa mtazamo wa Nairobi, Turkana imekuwa aghalabu mahali pa kukusanyia masimulizi, na msimulizi amekuwa chanzo cha data. Kwa mtazamo wa Kakuma, msimulizi ni mhakiki.

Mfano uliomjia mwalimu ni wa mama mmoja wa Kiturkana aliyekuwa akileta makaa kambini. Kuni na makaa zilikuwa biashara kati ya wenyeji na wakimbizi, na mara nyingine chanzo cha ugomvi, hasa mkimbizi alipokwenda kuzitafuta mwenyewe nje ya kambi. Mama huyo ndiye aliyemsimulia habari za Nayeche, mwanamke wa Wajie wa nchi iitwayo leo Uganda, aliyefika penye mlima fulani akaishi huko kwa matunda ya mwituni. Vijana wa kwao waliokuwa wakifuata nyayo za fahali aliyepotea wakamkuta, wakaiona nchi kuwa njema, wakarudi kuwaita wenzao. Na hao ndio asili ya Waturkana. Mlima huo huitwa Moru Anayeche hadi leo.

“Kwa hiyo, mama, Nayeche alikuwa mkimbizi?” mwalimu alimwuliza.

“Alikuwa mgeni, mwalimu. Na sisi ni watoto wake.”

Jibu hilo ni uhakiki kamili. Linaitafsiri ngano ya asili kwa namna inayombana msimulizi mwenyewe, kwa maana anayekiri kuwa mtoto wa mgeni hawezi kumfukuza mgeni kwa hoja ya asili. Mustafa Kemal Mirzeler ameandika kitabu kizima juu ya masimulizi hayo, Remembering Nayeche and the Gray Bull Engiro, kilichochapishwa mwaka 2014 na University of Toronto Press. Ngano ya mlima wa Turkana imefika Toronto. Mzigo wa makaa wa yule mama ulikuwa haujafika Nairobi.

Yaweza kudaiwa kwamba mwalimu hakuhitaji kukitamani chuo cha mbali. Tangu mwaka 2010 mashirika ya Wajesuiti yalikuwa yameleta Kakuma masomo ya chuo kikuu kwa njia ya mtandao, na mwaka 2017 Lodwar ilipata Turkana University College, kilichoanzishwa kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Dai hilo lina uzito. Lakini chuo chenye historia hutoa kitu ambacho mtandao na majengo mapya huhitaji muda kukijenga, nacho ni mjadala wa kurithi. Anayeingia huikuta hoja imeanza kabla yake, na hupewa haki ya kuiendeleza. Mwalimu aliutamani urithi huo, na pia alikuwa na mchango wa kuuongezea.

Alirudi Kakuma siku moja kabla ya kibali kwisha. Majibu ya mahojiano yalipokuja, jina lake lilikuwa katika orodha ya akiba. Bado, kwa mara nyingine. Muhula uliofuata aliwapa wanafunzi wa darasa la saba kazi ya kuwauliza wazee wao jinsi ukoo wao ulivyofika ulipo, na kuyaandika majibu kwa Kiswahili. Madaftari yalipokusanywa, hapakuwa na hata moja lililosema kwamba ukoo haukutoka popote.