Samaki Asiyemshibisha Paka

Kila anayeingia keja yangu hapa Matasia huuliza kwanza kama wale samaki ni wa plastiki. Nikimwambia wako hai, anataka kujua watakua hadi lini ndio tuwatie kwa sufuria. Hawakui tena. Mkubwa wao ana sentimita nne, na hapo amefika. Kuna jirani alichovya kidole majini akakilamba (tafadhali, usiwahi kufanya hivyo), akaruka: "Hii ni chumvi! Na bahari si iko Mombasa?"

Iko Mombasa, ndiyo. Kutoka hapa hadi ufukweni ni karibu kilomita 500, na barabara yetu ya Ngong–Kiserian iko zaidi ya mita 1,800 juu ya hiyo bahari. Ndio maana hawa wawili wananichosha kuliko mtoto mchanga.

Wanaitwa magobi. Ukoo wao una spishi zaidi ya 1,500, na wengi ni wadogo kiasi kwamba baba yangu, mvuvi wa Gazi tangu utotoni, huwaita wote "vile vidude vya mawe". Wangu ni Gobiodon citrinus, wa manjano kama limau lililoiva, wenye mistari ya samawati inayopita machoni. Hawana magamba. Ngozi yao imepakwa ute mchungu wenye sumu, kwa hiyo samaki wakubwa hawawataki. Hawaogelei sana pia. Mapezi yao ya tumboni yameungana yakawa kama kikombe cha kunasia, na kwa hicho kikombe wanakaa juu ya kitu, siku nzima, wakiangalia. Baharini hukaa kwenye matawi ya matumbawe. Kwangu wanakaa kwenye waya wa hita, kwa sababu kuchuma matumbawe hai baharini sitaki, na sheria yenyewe inayalinda.

Nikuambie kuhusu maji, maana hapo ndipo kazi ilipo. Maji ya visima vya Kajiado ni magumu na yana floridi nyingi. Angalia meno ya waliokulia huku. Kwa hiyo nanunua yaliyochujwa, kwenye duka lile la kujaza mitungi ya lita 20, na yule kijana wa duka anaamini nafungua mkahawa. Kila lita inapata gramu 35 za chumvi maalumu ya akwariamu. Tangi langu ni la lita 40, piga hesabu: kilo moja na gramu 400. Chumvi ya jikoni haifai, kwa sababu bahari si maji na chumvi ya ugali tu. Ina kalisi, magnesi, potasi, na vingine kibao. Hata ile magadi ya kaunti yetu haisaidii. Ziwa Magadi liko chini huko mwisho wa barabara, maji yake ni makali kama sabuni, na lina samaki wake wadogo, Alcolapia grahami, wanaoishi kwenye chemchemi za moto zinazopita nyuzi 40. Gobi wangu angekufa humo kabla sijafunga kifuniko.

Halafu upepo. Upepo uleule unaozungusha mitambo ya umeme kule juu ya vilima vya Ngong unaingia dirishani na kunywa maji yangu. Maji yanakauka, chumvi inabaki, na kila asubuhi lazima niongeze maji baridi yasiyo na chumvi, la sivyo bahari yangu inakuwa kali kuliko bahari. Na kabla ya samaki yeyote kuingia nilikaa wiki sita na tangi la mawe matupu, nikisubiri bakteria wazaliane. Aina moja hula amonia na kutoa nitriti, nyingine hula nitriti na kutoa nitrati. Wiki sita unalipia stima ya kulea vitu usivyoviona. Marafiki zangu waliacha kuuliza.

Baba alikuja Matasia kwa ajili ya macho. Ni presha ya macho, ile wanayoiita glakoma, na ubaya wake ni kwamba inaanza pembeni. Inakula kingo za unachokiona, polepole, na kilicholiwa hakirudi. Dawa ya matone inazuia tu kilichobaki kisiliwe. Siku hizi Baba anaona kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Alikuwa anapigapiga meza za watu, anakosa kikombe kilicho karibu na mkono wake, na kwa sababu ni mtu wa maneno machache hakuna aliyejua hadi alipogonga ngalawa ya mwenzake mchana kweupe.

Alipoonyeshwa tangi alicheka. "Mwanangu, huyu hata paka hashibi." Akaniuliza nimenunua kwa nani. Nikamwambia: mzamiaji mwenye leseni wa huko kwetu Kwale, akawatia kwenye mfuko wa plastiki wenye oksijeni, wakasafiri usiku kwenye sanduku la barafu lisilo na barafu. Akaniuliza bei. Nikamtajia. Alinyamaza, nikajua anapiga hesabu ya kilo za changu. "Miaka arubaini," akasema, "napita juu yao natafuta tafi."

Lakini ona kilichotokea. Bomba la macho yake, ukilielekeza kwenye sanduku la kioo lenye taa, linatosha. Tangi lote linaingia ndani. Akavuta kiti, akakaa, na kuanzia siku ya pili akawa mtangazaji. Mimi niko jikoni nakaanga vitunguu, yeye: "Kashuka. Kapanda tena. Yule mdogo anamfukuza mwenziwe." Mtu ambaye kwa siku nzima angeweza kusema maneno kumi.

Nikaanza kumsomea. Nilimsomea kwamba baadhi ya spishi za Gobiodon hubadili jinsia: ukiwaweka majike wawili pamoja, mmoja atakuwa dume, na anaweza kurudi alikotoka. Hilo alilipokea kimya. Nilimsomea kwamba Akihito, aliyekuwa mfalme wa Japani hadi 2019, ni mtaalamu wa magobi, na mwaka 1963 alichapisha makala kuhusu mfupa wao wa bega. "Mfalme? Hana kazi?" Nikamsomea pia kuhusu magobi wengine wanaoishi shimo moja na kamba. Kamba yule karibu ni kipofu, lakini ni fundi wa kuchimba. Gobi haoni taabu kulinda mlangoni. Kamba akitoka kumwaga mchanga huweka pembe yake moja mgongoni mwa gobi, na gobi akitikisa mkia, wote wawili ndani. Nilikuwa nimefika katikati ndipo nikagundua ninachosoma. Nikasita.

"Endelea," akasema. "Mimi ndiye kamba. Nimeelewa."

Kilichomshika hasa ni habari ya Fiji. Mwaka 2012 watafiti wawili, Danielle Dixson na Mark Hay, walichapisha kwamba tumbawe likiguswa na mwani wenye sumu hutoa harufu fulani majini, na ndani ya dakika chache magobi wanaoishi humo wanakuja kuukata ule mwani. Tumbawe linaita, mpangaji anaitikia. Wakiondolewa magobi, mwani unaliumiza tumbawe. Baba aliniomba nirudie. Kisha akaanza kusimulia 1998, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilitaja: joto la El Niño, matumbawe ya pwani yetu yakageuka meupe kama chaki, na baadaye yakavaa mwani wa rangi ya kahawia. Walikuwa wanashusha malema palepale na yanapanda mepesi. Alikuwa akidhani ni samaki wakubwa waliohama. "Kumbe na hivi vidude vilikufa," akasema. "Nani angeviona."

Gobiodon hana pengine pa kwenda. Tawi la tumbawe hai ndilo nyumba, na tawi likifa anafukuzwa mjini. Nikikaa na hilo, sijui nijitetee vipi kwa kuwa na wawili sebuleni, kwa hiyo sijitetei. Najua tu sitaongeza wa tatu.

Usiku mmoja wa mvua, mwezi wa nne, stima ilipotea saa tatu. Huku tumezoea, lakini tangi halijazoea. Hapa juu hewa ni nyepesi, na maji yanashika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko yangeshika pale Gazi. Pampu ikinyamaza, saa zinahesabika. Kapampu ka betri kalisukuma hadi saa saba, kakazima. Nilifunga tangi kwa blanketi, nikaeleza chupa za soda zenye maji ya moto kulinda joto, nikashika kikombe. Unachota, unainua, unamimina kutoka juu ili maji yabebe hewa. Unachota tena. Baada ya nusu saa mkono unakufa ganzi.

Baba alitoka chumbani akipapasa ukuta. "Nipe."

"Baba, kuna giza."

"Kwangu giza si habari."

Akakaa, mkono wa kushoto ukishika ukingo wa kioo, wa kulia ukichota na kumimina, kwa mwendo wa mtu anayekausha maji ngalawani. Hakumwaga hata tone nje. Tulipokezana hadi saa kumi na moja, stima iliporudi na taa ya samawati ikawaka. Kipimajoto kilisoma nyuzi 22, kutoka 26. Wale wawili walikuwa pamoja kwenye waya wa hita, matumbo yao yakipanda na kushuka. Alisogeza uso karibu na kioo, akasogeza bomba lake kushoto, kulia, hadi akawapata.

Kuna gobi mwingine wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, Eviota sigillata, ambaye maisha yake yote hayazidi siku 59. Watafiti walimpima kule Australia, wakachapisha 2005: kuanzia yai kutotolewa hadi kufa. Baba alipoenda kliniki, daktari alimwandikia arudi baada ya miezi mitatu. Kwenye matatu ya kurudi Ngong akaniambia, "Yule samaki wako wa siku 59 hangefika tarehe yangu." Alikuwa anacheka. Mimi niliangalia dirishani.

Alirudi Gazi kabla ya Idi. Alitaka aondoke nao, awarudishe. Nikamweleza kwamba samaki wa akwariamu harudishwi baharini, anaweza kubeba magonjwa ya tangi akawaambukiza wa huko. Hakupenda. Alisema bahari imevumilia makubwa zaidi ya hayo. Tukalala tumenuniana, asubuhi akawaaga bila kuniaga mimi kwanza.

Sasa hupiga simu jioni, baada ya Magharibi. Zamani alikuwa akiuliza kazi, na nitaoa lini. Siku hizi anaanza na, "Huko stima ipo?"