Shukrani ya Waliofiwa

Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, inayoangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, wengi wetu tunaijua kwa picha: bata mzinga aliyeokwa, jamaa wamejaa mezani, vicheko. Ukiifuatilia ilikotoka, unakuta matanga kila upande.

Meli ya Mayflower ilifika pwani ya Massachusetts mwishoni mwa 1620 ikiwa na abiria Waingereza wapatao 102 waliokuja kufanya makazi. Baridi ilipokwisha, karibu nusu yao walikuwa wamekufa. Mapokeo ya mji wa Plymouth, walikoweka makazi, yanasema walizikwa usiku kwenye kilima cha Cole's Hill, makaburi yakasawazishwa ili wenyeji wasijue wamebaki wachache kiasi gani. Walipovuna mwaka 1621 na kufanya karamu ya siku tatu, inayohesabiwa kuwa chanzo cha sikukuu hii, wanawake wazima waliosalia walikuwa wanne tu. Massasoit, kiongozi wa Wawampanoag, wenyeji wa eneo hilo, alihudhuria na wanaume wapatao 90, na wageni hao wakachangia kulungu watano.

Mwenyeji aliyewafundisha Waingereza kupanda mahindi, Tisquantum, alikuwa mfiwa kuliko wote. Mwaka 1614 nahodha mmoja wa Kiingereza alimteka akampeleka Hispania kumuuza. Aliporudi mwaka 1619 alikuta kijiji chake cha Patuxet ni mahame. Maradhi yalikuwa yamewamaliza watu wake. Plymouth ilijengwa papo hapo, juu ya mashamba yao.

Hata waliokuja kuifanya Siku ya Shukrani kuwa ya taifa walikuwa na majonzi yao. Mhariri Sarah Josepha Hale, aliyewaandikia viongozi barua kwa miaka mingi akiiombea, alifiwa na mumewe mwaka 1822, akabaki na watoto watano, na nguo nyeusi hakuzivua tena maisha yake yote. Rais Abraham Lincoln, aliyelikubali ombi lake, alimzika mwanawe Willie mwaka 1862. Alipotoa tangazo lake la shukrani Oktoba 1863, nchi ilikuwa bado inauana vitani, na tangazo lenyewe linawakumbuka wajane na mayatima.

Mtu akifiwa, kuna watu humharakisha: "Mshukuru Mungu, ndugu yangu, amekula chumvi nyingi." Nia yao ni njema. Ila neno hilo likiwahi mno, huwa kama mkono unaomziba mfiwa mdomo. Hilo ndilo lililompata Wamsutta Frank James, Mwampanoag aliyealikwa kuhutubia mwaka 1970 kwenye maadhimisho ya kufika kwa Mayflower. Waandaaji walipoisoma hotuba yake, iliyotaja yaliyowapata watu wake, waliikataa. Yeye na wenzake wakaenda kukusanyika Cole's Hill, na tangu mwaka huo wenyeji wa asili hukutana hapo kila Sikukuu ya Shukrani kuomboleza. Kilima kile kile kimebeba vilio vya pande mbili. Shukrani isiyotaka kusikia kilio cha mwenzako ina kasoro, hata ikisaliwa vizuri namna gani.

Mama yangu alipofariki, nilijaribu kushukuru kwa jumla: kwa malezi, kwa upendo, kwa dua zake. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililonigusa. Kilichonigusa ni ukoko. Alipokuwa akipakua wali, alikwangua ukoko wa chini ya sufuria, akauweka kwenye kisahani na kukifunika kwa ajili yangu, hata nikichelewa hadi wengine wamelala. Dada zangu walinung'unika, yeye akawajibu, "Mwacheni mwanangu, ndicho anachopenda." Siku wali uliponishikia kwenye sufuria yangu mwenyewe, nilisema "ahsante, mama" kwa sauti, peke yangu jikoni, na machozi yakafuata.

Hapo ndipo nilipopata namna yangu ya kushukuru kila siku. Jioni nataja jambo moja, pamoja na mtu aliyelitenda: kondakta aliyemsubiri bibi kizee apande bila kumfokea, jirani aliyenianulia nguo mvua ilipoanza. Zipo siku sina la kutaja, nanyamaza, wala sijilazimishi. Lakini zoezi hili limenifundisha kuwatazama watu wangali hai, maana msiba ulinionyesha kwamba tunachokuja kukililia ni vitu vidogo vya namna hiyo, ambavyo vilipokuwa vikitendeka hatukuvisemea neno.

Kwa hiyo ukienda kuhani, usimwambie mfiwa ashukuru. Muulize marehemu alipenda nini, alikuwa akimfanyia nini, alikuwa akimwitaje. Shukrani itatoka yenyewe, na ikitoka imechanganyika na kilio au hata na lawama, ipokee hivyo hivyo.