Unga wa Manjano Kifuani mwa Chausiku

Nilikuwa nikiamini kwamba mnyama anajua chake. Nimelelewa Mombasa, katika nyumba isiyokosa paka, na kila paka alipotafuna majani akatapika, mama alisema, "Mwache, anajitibu." Nami nikakua na neno hilo hadi likanigharimu paka wangu, Chausiku.

Tulirudi kutoka harusi ya mpwa wangu na shada la mayungiyungi meupe, nikayatia kwenye chombo cha maji mezani. Alfajiri nilimkuta Chausiku chini ya meza. Kifua chake cheupe kilikuwa na unga wa manjano, kama aliyenyunyiziwa bizari, naye akijiramba taratibu mpaka kikatakata. Nikamsifu kwa usafi wake.

Jioni alitapika. Nikasema anajitibu. Kesho yake alikataa hata dagaa. Nikamnywesha maziwa, maana ndivyo tufanyavyo mtu akila sumu. Siku ya tatu hakukojoa tena, nikambeba. Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo, akaniuliza, "Nyumbani mna mayungiyungi?" Figo zilikuwa zimekwisha kufa, na usiku ule Chausiku akazifuata.

Daktari alinieleza kwamba kwa paka yungiyungi zima ni sumu: ua, jani, chavua, hata maji ya chomboni. Paka halazimiki kulitafuna. Chavua ikimwangukia manyoyani, akajisafisha, imetosha. Maziwa hayasaidii. Kinachookoa ni dripu, nayo ikianza ndani ya saa 18 za mwanzo, wengi hupona. Mimi nilikaa siku tatu.

Niliporudi niliitazama bustani yangu upya. Oleanda ya ukutani, ambayo huvuruga mapigo ya moyo, niliing'oa. Sikasi, ambayo huharibu ini, niliitoa pamoja na mbegu zake zote. Mnyaa wa uani, wenye utomvu unaounguza kinywa na macho, niliukata. Mshubiri, ambao kwetu ni dawa lakini humtapisha na kumharisha paka, nilimpa jirani asiyefuga. Nikabakisha waridi na asumini, ambazo hazimdhuru.

Sasa nafuga paka mwingine. Mtu akiniambia wake ametapika, simwambii tena amwache. Namuuliza amelamba nini, kisha nachukua kikapu tumpeleke saa ileile.